Sanduku Lipoteapo Ugenini

Wahenga waliponena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, hawakuwa wamewahi kusimama katika kiwanja cha ndege cha ugenini wakiutazama mkanda wa mizigo ukizunguka mtupu, ilhali abiria wenzao wameshachukua vyao na kwenda zao. Mimi nimewahi. Na kwa kuwa vijana wetu wengi huondoka nchini kila mwaka kwenda masomoni ng'ambo, na walimu nao huitwa huku na huko kwa makongamano, naona si vibaya leo niuache kidogo mjadala wa mitaala, niyaseme haya ambayo hayasemwi darasani wala katika ofisi ya walimu, na ambayo aghalabu mtu huyajua akiwa amekwisha kuchelewa.

Kilichonichokoza ni simu. Usiku mmoja wa mwezi uliopita, nikiwa nimeshaizima taa, alinipigia mwanafunzi wangu wa zamani aliyepata nafasi ya masomo huko Minnesota, Marekani. "Shikamoo, mwalimu," akaanza kwa sauti ya kuzama. "Nimefika salama, ila sanduku langu halikufika." Nikamtaka anieleze safari yake hatua kwa hatua. Alipanda ndege Nairobi, akabadilisha Ulaya, akaingia Marekani kupitia Chicago, kisha akachukua ndege ya tatu hadi Minneapolis. Pale Nairobi alimwona kwa macho yake mhudumu akilifunga sanduku lile kikaratasi kilichoandikwa herufi za kiwanja cha Minneapolis. Akaamini, kama ambavyo ningeamini mimi na wewe, kwamba watakutana huko mwisho wa safari.

Kumbe sivyo. Kwa kawaida, mgeni aingiaye Marekani hutakiwa kuuchukua mzigo wake katika kiwanja cha kwanza anachotua nchini humo, hata kama tikiti yake inaendelea mbele na hata kama mzigo umeandikiwa mji wa mwisho. Huutoa kwenye mkanda, akapita nao mbele ya watu wa forodha, kisha huukabidhi tena hatua chache kutoka hapo ili upakiwe katika ndege inayofuata. Kijana wangu alipomalizana na maafisa wa uhamiaji aliziona saa zikimkimbiza, akafuata mishale hadi kwenye lango la ndege ya Minneapolis. Sanduku likabaki Chicago likizunguka peke yake. Hakuna aliyeliiba wala aliyelipoteza. Lililokosekana ni sentensi moja tu ambayo hapana mtu aliyeona haja ya kumwambia.

Nikamwuliza kuna nini ndani. Akataja nguo, viatu, unga wa mahindi aliofungiwa na mamake, kisha akanyamaza. Ukimya ule niliujua. "Na vyeti?" nikauliza. "Vyote, mwalimu. Cha sekondari, cha kuzaliwa, vyote. Niliviweka chini kabisa visikunjike."

Sikumkemea. Ningemkemea kwa ulimi upi, nami mwenyewe nilishafanya kosa lilo hilo nikiwa mtu mzima mwenye chaki mkononi?

Ilikuwa mwaka wa 1998. Nilikuwa nimealikwa Ujerumani, katika kongamano la Kiswahili ambalo wenzetu wa Chuo Kikuu cha Bayreuth walikuwa na desturi ya kuliandaa kila mwaka. Kwa kuwa sikuwa na sanduku la kutokea mbele ya watu, shemeji yangu, mfanyabiashara wa Mombasa aliyezoea kwenda Dubai kununua vitambaa, aliniazima lake. Nikapakia suti, kanzu, nakala za makala niliyokusudia kuyawasilisha na, juu ya yote, daftari. Daftari lenyewe lilikuwa la kawaida, la kurasa 96, lile wanafunzi wanalolijua. Lakini ndani yake mlikuwa na beti zaidi ya 200 alizonisomea bibi yangu mzaa mama, mwenyeji wa Siyu, mwaka wa 1991, nami nikaziandika kwa mkono wangu usiku hadi usiku huku yeye akinisahihisha matamshi. Bibi alifariki mwaka wa 1994. Nakala ya pili haikuwapo. Kila mwaka nilijiambia kwamba nitalipeleka daftari lile dukani likatolewe nakala, na kila mwaka kazi hiyo ya dakika kumi ikapata udhuru wake.

Nilitua Nuremberg alasiri, baada ya kubadilisha ndege katika kiwanja kingine kikubwa cha Ulaya. Tukasimama kandokando ya mkanda. Masanduku yakatoka, watu wakapungua, mkanda ukasimama. Kuna ukimya wa aina yake mkanda ule unaposimama. Mtu huendelea kulitazama lile tundu lenye mapazia ya mpira, akidhani pengine kuna mtu upande wa pili ambaye bado analiburura lake.

Nikaelekezwa kwenye dawati la mizigo iliyopotea. Bibie aliyekuwa hapo, mwenye adabu na subira, aliniwekea mbele karatasi ngumu iliyochorwa masanduku na mabegi ya kila namna, kila mchoro na nambari yake, na pembeni rangi mbalimbali zikiwa zimepangwa kwa msimbo wa herufi. Akaniomba nionyeshe langu. Nikaonyesha. Akaniuliza rangi. Nikasema nyeusi. Nyeusi tupu, au ya kijivu? Lina magurudumu mawili au manne? Mpini wa kuvuta unatoka juu au ubavuni? Lina zipu au vifungo vya chuma? Jina la mtengenezaji? Kuna alama yoyote, mkwaruzo, utepe?

Wasomaji wapendwa, nilitahayari. Mimi niliyewafundisha watoto wa watu kueleza mandhari, niliyekuwa nikikata alama kwa wino mwekundu na kuandika ukingoni "eleza kwa kina," sikuweza kulieleza sanduku nililolibeba kwa mikono yangu kutoka Mombasa. Nililojua ni kwamba ni jeusi, kubwa kiasi, na la shemeji. Bibie akaandika alichopata. Aliponiuliza vilivyomo ndani nikataja suti na kanzu bila kukwama, lakini nilipofika kwenye daftari nikakosa namna ya kulitaja. Hatimaye akaandika "karatasi za binafsi," akanipa nakala ya ripoti yenye nambari yake: herufi tatu za kiwanja, mbili za shirika, na tarakimu tano.

Kongamano nilihudhuria kwa koti la kuazima, mikono yake ikiishia kabla ya viganja vyangu. Mada yangu niliisema kwa kichwa. Beti chache za bibi nilizozihifadhi nilizisoma, na mzee mmoja wa Kijerumani, mtaalamu wa lahaja za visiwa vya Lamu, akanijia baadaye akaomba kuliona daftari. Nikamwambia li njiani. Nikarudi Kenya mikono mitupu.

Siku ya 15 ikaja barua ya shirika la ndege, ikinitaka nijaze fomu ya madai endapo sanduku halitaonekana. Hapo ndipo nilipofahamu mzigo wangu ulivyothaminiwa. Zama hizo safari nyingi za kimataifa zilikuwa bado chini ya Mkataba wa Warsaw wa mwaka wa 1929, na chini ya mkataba huo fidia ya mizigo ilikuwa na kikomo kilichohesabiwa kwa uzito. Kwa desturi kilifasiriwa kuwa dola 20 za Marekani kwa kila kilo. Sanduku langu lilipimwa Nairobi likawa kilo 18, basi mwisho wake ni dola 360, liwe limejaa almasi au matambara. Nikachukua daftari jingine la kurasa 96, nikaenda nalo kwa muuza duka jirani nikamwomba alipime. Mzani ukasoma gramu 110 hivi. Nikapiga hesabu palepale kwenye kaunta: sauti ya bibi yangu ilikuwa na thamani ya dola mbili na senti 20, yaani shilingi zisizozidi 140 za wakati ule.

Siku ya 19 nikaitwa kiwanja cha ndege cha Nairobi. Sanduku lilikuwa limekuja, kufuli limevunjwa, likiwa limefungwa kikaratasi cha haraka ambacho mashirika huufunga mzigo uliopotea njia ili uwahishwe kwa mwenyewe. Suti ilikuwamo. Kanzu ilikuwamo. Viatu vipya havikuwamo. Daftari lilikuwa pale nilipoliweka, katikati ya mashati, kwa kuwa mwizi hana haja na beti za Kisiyu. Niliketi juu ya kigari cha mizigo nikalifungua, na watu waliokuwa wakipita yamkini walidhani nina wazimu.

Lilikuwa wapi? Dubai. Katika mpini wa ubavuni, chini kabisa, palikuwa na kikaratasi cha zamani cha safari ya shemeji, chenye herufi DXB. Mahali fulani katika kubadilisha ndege, mtu au mashine ilikisoma hicho badala ya kipya. Nami nililibeba sanduku lile toka Mombasa hadi Nairobi nisikione. Ndiyo maana hadi leo nimwonapo mtu kiwanjani ana begi lenye vikaratasi vya safari tano zilizopita, vikining'inia kama hirizi za kujionyesha kwamba amesafiri, hunijia hamu ya kumwendea na mkasi.

Sasa tuseme kuhusu sheria, maana imebadilika, na wengi wetu bado tunaishi kwa habari za zamani. Mkataba wa Montreal ulitiwa sahihi tarehe 28 Mei 1999 na kuanza kutumika tarehe 4 Novemba 2003. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo zilizouridhia. Mkataba huu uliachana na hesabu ya kilo kwa mizigo ya abiria. Badala yake uliweka kikomo kimoja kwa kila abiria, kinachohesabiwa kwa kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa kiitwacho Haki Maalumu za Kutoa Fedha. Kikomo kilianza na vipimo 1,000, kikapandishwa hadi 1,131 mwishoni mwa 2009, kisha 1,288 mwishoni mwa 2019, na tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni 1,519, ambavyo ni kama dola 2,000 za Marekani na ushei. Anayebeba kitu cha thamani kubwa zaidi anaweza kutangaza thamani hiyo anapoukabidhi mzigo, akalipa nyongeza inayotakiwa.

Lakini asikudanganye mtu kwamba fedha hizo hutolewa kwa kunyosha mkono. Hicho ni kikomo, si zawadi. Atakayelipwa ni yule awezaye kuonyesha alichopoteza, na kwa wakati wake. Mzigo ukifika umeharibika, lalamiko la maandishi liwe limefika kwa shirika ndani ya siku saba tangu ulipoupokea. Ukifika umechelewa, una siku 21 tangu ulipowekwa mikononi mwako. Usipofika kabisa, siku 21 zikipita tangu siku uliopaswa kufika, sheria inakuruhusu kuuhesabu umepotea na kudai haki yako, na shirika likikiri mapema kwamba umepotea huna haja ya kungoja. Anayetaka kwenda mahakamani ana miaka miwili. Nimewaona watu wenye haki nyeupe kama pamba wakiipoteza kwa sababu walilalamika kwa mdomo, wakapewa tabasamu na pole, wakaenda nyumbani wakisubiri wapigiwe simu. Pole haina tarehe wala muhuri. Na ripoti ile ya kiwanjani, ijapokuwa ni muhimu na mtu asitoke mlangoni bila nakala yake, isichukuliwe kuwa ndiyo madai yenyewe. Madai ni barua.

Nisije nikawatisha wasafiri bure. Kwa mujibu wa takwimu za SITA, kampuni inayoshughulikia mitambo ya mawasiliano ya usafiri wa ndege, mwaka wa 2007 karibu mizigo 19 kwa kila abiria 1,000 ilipatwa na mkasa wa aina moja au nyingine. Mwaka wa 2023 ilikuwa chini ya saba. Wingi wake huwa imechelewa tu, na sehemu kubwa ya uchelewaji hutokea katika kubadilisha ndege, pale muda unapokuwa mfupi. Tangu Juni 2018 mashirika yaliyo katika chama cha kimataifa cha usafiri wa ndege, IATA, yametakiwa kuufuatilia kila mzigo katika vituo vikuu vya safari yake, kuanzia unapokabidhiwa hadi unaporudishwa kwa mwenyewe. Kikaratasi kile chenye mistari myeusi kina nambari ya tarakimu kumi, nayo ndiyo jina la sanduku lako katika ulimwengu wa mitambo. Kipande chake unachopewa kaunta, ambacho wengi hukitupa pamoja na kijikaratasi cha peremende, ndicho uthibitisho wako wa pekee kwamba ulikabidhi kitu.

Hata mitambo nayo ina siku zake. Kiwanja kipya cha Denver kilicheleweshwa kwa zaidi ya mwaka kwa sababu ya mtambo wa kupeleka mizigo wenyewe bila mikono ya watu. Kilifunguliwa Februari 1995, na mwaka wa 2005 mtambo wenyewe ukatupiliwa mbali. Na jengo la tano la Heathrow lilipofunguliwa tarehe 27 Machi 2008, maelfu kwa maelfu ya mizigo ilikwama, mingine ikasafirishwa hadi Milan kwenda kuchambuliwa huko. Ile isiyopata mwenyewe kabisa ina hatima yake: katika mji mdogo wa Scottsboro, jimbo la Alabama, kuna duka ambalo tangu mwaka wa 1970 hununua kwa mashirika masanduku yaliyokosa wenyewe, na watu husafiri kwenda kununua humo kamera na magauni ya harusi ya wasiowajua. Kila nikifikiria duka hilo huwaza kama kuna madaftari mangapi waliyoyatia pipani.

Mwalimu mwenzangu, hapa nina neno nawe. Wanafunzi wetu wanaandika insha juu ya safari kila muhula. Jogoo huwika, jua huchomoza kwa madaha, ndege wa angani hutumbuiza, na msafiri hubeba sanduku lake maridadi. Tunawapa alama kwa madaha hayo. Je, sanduku lenyewe ni la namna gani? Lina nini ndani? Lilinunuliwa lini, kwa bei gani? Mbele ya dawati lile la Nuremberg hapana methali hata moja iliyonifaa, wala tashbihi. Kilichotakiwa ni sentensi fupi zenye rangi, idadi na vipimo. Sisemi tuache ufundi wa lugha, la hasha. Mimi mwenyewe ni mlevi wake. Nasema mwanafunzi anayeweza kumpamba mpenzi wa kubuni kwa aya tatu, naye hawezi kuandika barua ya lalama yenye tarehe, nambari ya ripoti, orodha ya vitu na kiasi anachodai, tumemfundisha nusu ya Kiswahili. Mtihani hutaja barua rasmi, nasi huifundisha kama ramani ya anwani: hapa ya mwandishi, hapa ya mwandikiwa, hapa mtajo. Kiini cha barua, yaani jambo lenyewe lililomkera mtu hata akaishika kalamu, tunakiruka.

Nimejaribu jambo dogo darasani kwangu. Huwaambia wayafumbe macho, kisha kila mmoja aueleze mkoba wake wa shule ulio chini ya dawati kwa maelezo ambayo mgeni angeutambua kati ya mikoba 40. Mara ya kwanza karibu wote huandika kwamba ni mweusi au wa buluu, mzuri, na umebeba vitabu. Mara ya tatu huwa wameanza kuona zipu iliyong'oka jino, uzi mwekundu mamake mtu alioshonea mpini, doa la wino lenye umbo la Ziwa Turkana. Ni wino uleule na watoto walewale.

Siku hizi simu ya mkononi imeyarahisisha mengi. Picha ya sanduku likiwa limefungwa, picha ya jingine likiwa wazi, picha ya kikaratasi: dakika moja. Wapo pia watumbukizao ndani kidude cha kielektroniki kinachowaambia sanduku liko wapi, ijapokuwa kujua liko Dubai na kulipata ni mambo mawili. Vyeti na dawa huenda na mwenyewe mkononi. Na mtu asomewe, kabla hajaondoka, ile sentensi moja kuhusu kiwanja cha kwanza cha kuingilia.

Kijana wangu wa Minnesota alilipata sanduku lake siku ya nne. Vyeti ni vizima, ila vimepakwa unga, kwa kuwa mfuko wa mamake ulipasuka ukajaa kila pembe. Gurudumu moja limeng'oka na ubavu umechanika. Ameniletea rasimu ya barua yake kwa shirika, na kwa mazoea ya darasani ameianza kwa kuwatakia afya njema na kuwaeleza hali ya hewa. Nimeyafuta hayo, nikamwagiza aanze na nambari ya ripoti na tarehe aliyopokea mzigo, kisha ataje uharibifu mmoja baada ya mwingine na kuambatisha picha. Akaniuliza kama anaweza kungoja hadi wikendi ili aiandike vizuri. Nikamwambia ahesabu: siku ni saba, na hiyo ilikuwa ya tano.